Motopompe inalala miezi 8: tuchunge esansi yake na karburateri yake



Mwezi wa 6 mvua inakatika, mabonde ya Kabare na Walungu yanaanza kukauka juu, na musimu C unaanza. Shu, tomati na vitunguu viko mu pepinieri, na kila siku vinaomba maji. Hapo ndipo motopompe ya koperative inatolewa ndani ya depo. Mutu anavuta kamba mara 10, mara 20, jasho linamutoka, na mashini inakataa kuwaka. Fundi anaitwa kutoka mbali. Anafungua karburateri na kukuta vitu vya rangi ya kahawia, vyenye kunata kama utomvu wa muti. Anaomba siku 3 ao 4, pengine anaomba karburateri mupya. Wakati huo jua linapiga pepinieri, na miche ya shu yenye siku 10 haingoji fundi.

Wanamemba wengi wanasema: "Mashini za siku hizi ni mbovu." Mara nyingi si hivyo. Mashini hiyo haikuharibika mwezi wa 6. Iliharibika polepole tangu mwezi wa 10 wa mwaka uliopita, siku mulango wa depo ulifungwa na esansi ikabaki ndani. Katika makala hii tunaeleza esansi inazeeka namna gani, dawa ya kuchunga esansi inafanya kazi gani, na koperative ifanye nini ili mashini iamke vizuri, hata kama dawa hiyo haipatikani kwenye soko lenu.

Dawa hii imetoka wapi?

Wanamemba wamo wameuliza juu ya chupa ndogo yenye watu wa garaji wanaita stabilizateri. Ni dawa inayomwagwa ndani ya esansi ili isizeeke haraka. Inajulikana sana Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Huko, wakati wa theluji, barabara zina barafu na chumvi, na wenye pikipiki wengi wanazifunga ndani ya garaji tangu mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3 ao wa 4. Mbele ya kufunga, wanajaza tanki, wanatia dawa, wanaacha motere izunguke kidogo, kisha wanafunika pikipiki na kitambaa.

Sisi hatuna theluji. Lakini angalieni kalenda yetu. Motopompe inafanya kazi musimu C, kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9. Mvua ikirudi, musimu A unaanza, kisha musimu B, na mashini haina kazi mpaka mwezi wa 6 tena. Ni miezi 8 ao zaidi. Pikipiki ya Ulaya inalala miezi 4 ao 5 ndani ya baridi. Motopompe yetu inalala karibu mara mbili ya hiyo, tena katika joto. Na joto linazeesha esansi upesi. Mwenye depo ya bati katika bonde la Ruzizi, fasi jua ni kali, awe mwangalifu kuliko mwenye depo ya udongo juu ya mulima Kabare.

Esansi inazeeka namna gani?

Wengi wanafikiri esansi ni kama maji: ukiiacha, utaikuta ileile. Kumbe esansi ni muchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito, na inabadilika kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: sehemu nyepesi zinaruka. Ndizo zinazosaidia motere kuwaka haraka ikiwa baridi. Kama kifuniko cha tanki hakifungi vizuri, zinatoka kidogo kidogo, na zile nzito zinabaki. Unavuta kamba, lakini muvuke wa kushika moto hautoshi.

Njia ya pili: hewa inaikula. Hii munaijua tayari, juu munaiona kwenye mafuta ya mawese. Mawese yenye kukaa wazi siku nyingi, fasi ya joto na mwanga, yanachacha. Harufu inabadilika na hakuna namna ya kuyarudisha. Oksijeni ya hewa ndiyo imeyashika. Esansi nayo inachacha hivyo. Inafanya asidi kidogo na vitu vya kunata kama gundi. Hewa ikiwa nyingi ndani ya tanki, kazi hiyo inaenda mbio. Tanki yenye robo ya esansi na robo tatu za hewa ni mbaya kuliko tanki iliyojaa.

Njia ya tatu: maji yanaingia. Usiku tanki inapoa, muchana inapata joto. Unyevu wa hewa unageuka matone kwenye chuma cha ndani, kama matone unayoona asubuhi chini ya bati. Maji ni mazito kuliko esansi, yanashuka chini kabisa, fasi robine inanyonya. Huko yanaleta kutu. Na kama esansi imechanganywa na alkoli, ndiyo mbaya zaidi: alkoli inavuta maji, na maji yakizidi, vyote viwili vinashuka chini pamoja na kuachana na esansi. Ndiyo sababu dawa hii inatafutwa sana katika inchi kama Ufaransa, fasi stasioni zinauza esansi yenye alkoli mpaka 10 kwa 100.

Sasa, kwa nini karburateri ndiyo inaumia kwanza? Ndani yake kuna bakuli dogo lenye esansi kidogo sana. Esansi kidogo inazeeka upesi kuliko esansi nyingi. Ikiruka, inaacha gundi chini. Na esansi ya kwenda motere inapita kwenye vitundu vidogo. Katika mashini hizi ndogo, kimoja hakifiki hata nusu milimita. Gundi nyembamba kama rangi ya kucha inatosha kukiziba. Watengenezaji wa mashini ndogo wanashauri tusiache esansi ndani ya mashini zaidi ya siku 30 bila kuitunza. Kati ya siku 30 na miezi 8, munaona wenyewe.

Dawa inafanya nini, na haifanyi nini?

Kazi kubwa ya dawa hii ni kuzuia oksijeni isishambulie esansi. Aina nyingine zinaongeza kitu cha kuzuia kutu. Kwa wakulima, mufano mwepesi ni maharagi. Ukitaka kuchunga maharagi ya mbegu, unayatunza siku ya kuyaweka ndani ya mufuko, mbele ya wadudu kuingia. Ukingoja mpaka yametobolewa, hata utie dawa gani, tundu halizibiki. Dawa ya esansi ni hivyohivyo.

Kwa hiyo mushike haya mambo manne:

– Dawa inatiwa ndani ya esansi mupya. Esansi iliyokwisha kuchacha haiponi.
– Dawa haiondoi maji wala uchafu. Kama bidoni ilikuwa na maji, maji yatabaki.
– Dawa haifungui karburateri iliyoziba. Hiyo ni kazi ya fundi.
– Dawa yenye kubaki ndani ya tanki peke yake haisaidii karburateri. Lazima motere izunguke dakika 5 mpaka 10, ili esansi yenye dawa ishuke mpaka ndani ya bakuli na kusukuma ile ya zamani.

Jambo la mwisho ndilo watu wanasahau. Wanatia dawa, wanafunga kifuniko na kwenda nyumbani, kisha wanasema dawa ni ya uongo.

Kipimo kiko kwenye chupa, nacho ndicho cha kufuata, juu aina ziko nyingi. Kuna chupa zinazosema mililita 30 kwa litre 9 na nusu, maana yake karibu mililita 3 kwa litre 1. Kwa kipimo hicho, motopompe yenye tanki ya litre 3 itachukua mililita 9 ao 10, na pikipiki yenye litre 11 itachukua karibu 35. Ni kidogo sana, musipime kwa macho. Nunueni sirinji ya mililita 10 kwenye farmasi, muandike juu yake ESANSI, na isitumike tena kwa mutu wala kwa munyama. Kuzidisha dawa hakuongezi faida. Kama chupa haina kibandiko, ao maandishi hayasomeki, musinunue: hamutajua kipimo, na hamutajua kama ni dawa kweli.

Je, koperative inunue dawa?

Jibu letu ni hili: kwa motopompe, dawa si ya lazima. Tanki yake ni ndogo na kuimwaga ni rahisi. Karburateri yenye kukauka kabisa haina kitu cha kufanya gundi. Kumwaga vizuri kunaomba saa moja ya kazi na hakuombi franga ya chupa.

Dawa inakuwa na maana katika hali tatu. Ya kwanza ni pikipiki yenye tanki kubwa ya chuma, yenye kungoja miezi mingi: tanki ya chuma ikibaki tupu na unyevu ndani, inashika kutu, ni bora iwe imejaa esansi yenye dawa. Ya pili ni jeneratere ya ofisi ao ya depo ya baridi, yenye kutakiwa kuwa tayari kila siku lakini inafanya kazi mara moja moja. Ya tatu ni koperative yenye kulazimika kuweka akiba ya esansi, kwa sababu mvua ikikata barabara, esansi haifiki.

Namna ya kulaza motopompe

Fanyeni kazi hii siku ya mwisho ya kumwangilia, palepale kando ya maji. Musiifanye ndani ya depo. Kuna sababu mbili. Moshi wa motere ndani ya nyumba unaua, juu sumu iliyo ndani yake haina harufu ya kuwaonya. Tena motopompe haizunguki bila maji: ikizunguka kavu, joint yake ya ndani inaungua.

1. Siku 2 ao 3 mbele ya mwisho, mupunguze esansi munayotia, ili siku ya mwisho ibaki kidogo.

2. Siku ya mwisho, pompe ikiwa inaendelea kuvuta maji, mufunge robine ya esansi na kuacha motere izunguke. Kiisha dakika chache itazimika yenyewe, juu bakuli la karburateri limeisha. Hivyo esansi ya mwisho imefanya kazi ya shamba, haikupotea.

3. Mungoje motere ipoe. Mumwage esansi ya tanki ndani ya bidoni safi. Chini ya karburateri kuna bulo dogo. Mulifungue, mupokee matone ya mwisho ndani ya mukebe, kisha mufunge. Musinyonye esansi na kinywa kwa mupira. Ikiingia ndani ya mapafu, hata kidogo, inaweza kuua. Mutumie pompe ndogo ya mukono ao muinamishe tanki.

4. Esansi hiyo ingali mupya. Siku ileile itiwe ndani ya pikipiki yenye kutembea, na musimamizi aandike litre ndani ya kaye. Hivyo hakuna maneno kati ya wanamemba.

5. Mubadilishe oili ya motere ingali na joto kidogo. Oili ya zamani ina asidi na masizi. Ikilala miezi 8 inakula chuma. Motopompe nyingi za inchi 2 na 3 zinabeba karibu litre 0.6 tu. Mutazame kitabu chake.

6. Mutoe bujie, mutie ndani ya tundu lake kijiko kidogo kimoja cha oili safi. Muvute kamba polepole mara 3 ao 4 ili oili ienee, kisha murudishe bujie. Mwishowe muvute kamba polepole mpaka muone imekuwa nguvu, na muachie hapo. Maana yake milango ya motere imefungwa, na hewa ya unyevu haiingii.

7. Mufungue kizibo cha chini cha pompe, maji na tope vitoke. Musafishe chujio ya mupira wa kunyonya. Mikunjo ya mipira isiwe mikali, na isiwekwe juani.

8. Musafishe filtre ya hewa. Muzibe tundu la moshi na kipande cha kitambaa, juu panya wanapenda kufanya nyumba humo. Mufunge kibandiko juu ya kamba: "TOA KITAMBAA MBELE YA KUWASHA."

9. Muweke mashini juu ya mbao, si chini kwenye udongo, mbali na chumvi, mbali na mbolea ya shimiki. Mbolea inavuta unyevu na inakula chuma haraka. Muifunike na kitambaa ao mufuko wa zamani wenye kupitisha hewa. Shitingi ya plastiki yenye kubana inashika unyevu ndani.

Kama munapenda kutumia dawa, hatua ya 1 mpaka 4 zinabadilika. Mutie dawa ndani ya esansi mupya ndani ya bidoni, mutikise kidogo, mujaze tanki karibu mpaka juu, mumwangilie kwa dakika 10, kisha mufunge robine na muache bakuli liishe. Hatua zingine zinabaki zilezile.

Pikipiki ya koperative

Pikipiki yenye kutembea kila juma haiombi dawa. Esansi yake haipati nafasi ya kuzeeka. Shida ni ile yenye kungoja: dereva ameenda, papye za njia hazijatoka, ao mvua imeharibu njia ya kuingia kijiji.

Kama itangoja chini ya mwezi mumoja, mufunge robine na mumalize bakuli la karburateri. Inatosha. Kama itapita mwezi, mujaze tanki na esansi mupya yenye dawa, mutembee nayo dakika 10, kisha mufunge robine. Kama dawa haiko, muchague mumoja: muitembeze ao muimwage.

Kuitembeza maana yake ni kwenda nayo kweli, dakika 20 mpaka 30, mara moja kwa juma 2. Kuna watu wanaiwasha dakika 3 ndani ya paa ya depo na kuizima. Hiyo haisaidii. Motere haifiki kwenye joto lake, maji ya moshi yanabaki ndani ya oili, na batri imetumika kuwasha bila kupata muda wa kujazwa tena.

Juu ya batri: mutoe waya wa kuondoa kwanza, kisha ule wa kujumlisha, na muijaze kila mwezi. Batri yenye kuachwa tupu miezi mingi inakufa, na katika joto inajimaliza upesi kuliko katika baridi.

Mashine ya kusaga na atomizere

Mashine ya kusaga ya mazutu haitumii dawa ya esansi. Musijaribu. Mazutu inazeeka polepole kuliko esansi; adui wake mukubwa ni maji. Maji yakikaa chini ya tanki, vijidudu vidogo sana vinaishi kati ya maji na mazutu, na vinafanya uchafu mweusi wa kuteleza wenye kuziba filtre. Kwa hiyo mujaze tanki yake mbele ya kulala, na mbele ya kuamsha mufungue kizibo cha chini ili maji yatoke kwanza.

Atomizere ya kupulizia dawa, kama ni ya esansi yenye kuchanganywa na oili, imwagwe kabisa kila mwisho wa kazi. Muchanganyiko huo ukikaa, esansi inaruka na oili inabaki, na kipimo kinaharibika. Muchanganye tu ile mutatumia juma hiyo.

Kununua na kuweka esansi

Dawa nzuri ndani ya esansi mbaya ni franga yenye kupotea. Esansi ya kulaza mashini inunuliwe kwenye stasioni yenye wateja wengi, fasi esansi haikai. Kadhafi wa barabarani wanatusaidia siku ya haraka, hatukatai. Lakini bidoni ya njano imesimama juani siku ngapi? Ilikuwa na nini mbele? Hakuna anayejua. Kwa kupima, mutie kidogo ndani ya chupa nyeupe safi na muiache dakika 10. Esansi nzuri ni angavu. Mukiona musitari chini, ni maji. Mukiona mavumbi ao wingu, muirudishe.

Akiba iwekwe ndani ya bidoni yenye kifuniko cha kubana, yenye kujaa karibu yote, lakini muache nafasi kidogo juu, esansi inapanuka na joto. Iwe kivulini, nje ya nyumba ya kulala, mbali na imbabula, mishumaa na sigara. Muandike juu yake tarehe ya kununua na tarehe ya kutia dawa. Ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutumiwa, kama mbegu ndani ya depo.

Mama wenye watoto wadogo, tafadhali: esansi isiwekwe hata siku moja ndani ya chupa ya maji ao ya sukari. Mutoto akiinywa, musimutapishe na musimupe mafuta ya mawese. Mumupeleke santre ya afya mbiyo. Kutapika ndiko kunasukuma esansi ndani ya mapafu.

Na esansi iliyokwisha kuchacha, yenye harufu kali kama vernisi na rangi ya chai, isimwagwe ndani ya bonde. Itaingia ndani ya maji munayomwangilia nayo na munayokunywa. Isitiwe juu ya makala ili kuwasha moto, inalipuka usoni. Mumuulize fundi wa garaji, anaweza kuitumia kidogo kidogo kusafisha vyuma vyenye grisi, nje, mbali na moto.

Siku ya kuamsha

Musingoje siku pepinieri inaomba maji. Muamshe mashini juma 2 mbele, mwanzo wa mwezi wa 6 ao hata mwisho wa wa 5. Mutoe kitambaa cha tundu la moshi. Mutazame oili. Mujaze pompe maji. Mutie esansi mupya. Muvute kamba polepole mara chache, kisha kwa nguvu. Moshi wa buluu dakika za kwanza ni oili ya kile kijiko, musiogope. Kama haiwaki, mungali na siku 14 za kumutafuta fundi, na hakuna muche unaokauka.

Nani atafanya?

Hapa ndipo shida kubwa iko, kuliko esansi yenyewe. Mashini ya mutu mumoja inalazwa na mwenyewe. Mashini ya wanamemba 40 inalazwa na nani? Wa mwisho kumwangilia anairudisha depo usiku, amechoka, na anafikiri musimamizi ataona. Musimamizi anafikiri fundi ataitwa. Mwezi wa 6 kila mutu anaangalia mwenzake, na matengenezo yanalipwa na franga za michango, hata za yule mama ambaye hakutumia mashini hata siku 5.

Tunashauri koperative kila moja, katika mukutano wa mwezi wa 9, iamue mambo matatu na kuyaandika ndani ya kaye: jina la mutu wa kulaza mashini na la musaidizi wake, tarehe ya kulaza na tarehe ya kuamsha, franga ya oili, bujie na, kama munaitaka, chupa ya dawa, iondolewe kwenye mapato ya musimu C mbele ya kugawana. Kisha hatua zile 9 ziandikwe juu ya kartoni na kupigwa musumari ndani ya mulango wa depo. Aliyelaza anatia sinyatire chini ya kila hatua.

Kwa mukulima, musimu hauishi siku ya kuvuna. Unaisha mbegu zikiwa zimekauka na ziko salama ndani ya depo. Kwa motopompe tufanye vilevile. Musimu C utaisha siku karburateri imekauka, oili ni mupya, na kaye imetiwa sinyatire.